Popote Ndani ya Shimo

Baba yangu alikuwa na chuma kimoja alichokipenda kuliko jembe. Lilikuwa bambo, bomba fupi lenye ncha iliyochongwa, la kuchomea gunia na kutoa sampuli bila kulifungua. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika kijijini kwetu, upande wa Maguu, na kila gunia lililopita mbele yake alilichoma mara tatu: juu, katikati, chini. Hakujali ni la nani. La padri alilichoma mara tatu, la mama mkwe wake alilichoma mara tatu, na la kwake mwenyewe alimwita mtu mwingine alichome huku yeye amegeuka pembeni. Akishatoa chuma alilipangusa lile tundu kwa ncha, huku na huku, mpaka nyuzi za katani zikazibana na usijue kama gunia limeguswa.

Namtaja yeye kwanza kwa sababu balaa langu lote lilitokana na kufundishwa vizuri.

Ninayoyasimulia ni ya wakati wa soko huria, lilipokuwa bado neno jipya na kila mtu akilitamka kama jina la dawa. Nilikuwa nafundisha fizikia kwenye sekondari moja ya misheni milimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa Dar es Salaam, chuo kikuu, nikisoma shahada ya pili. Ufadhili ukakatika kabla sijamaliza, nikarudishwa kazini nikiwa nimefaulu masomo yote ila sina tasnifu. Chuo kilinipa mwaka mmoja. Nikileta tasnifu iliyokamilika ndani ya mwaka huo, nahitimu. Nisipoleta, jina linafutwa, na miaka miwili ya maisha yangu inakuwa hadithi ya kuwaamshia wanafunzi wa kidato cha pili wakisinzia. Niliitaka ile shahada vibaya sana, na sioni haya kusema. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa nayo, na mimi nilikwishaanza kujiona ninayo.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza Baba, maana ndiye mtu pekee milimani aliyewahi kuniuliza. Chukua gesi ya moto ndani ya bomba. Chembe zake hazihesabiki, na kila moja ina kasi yake: nyingi zinakwenda mwendo wa kati, chache zinakimbia, chache zinajivuta. Huo ndio mgawanyo wa kasi. Kompyuta haiwezi kuzibeba chembe zote, kwa hiyo unachagua elfu chache ziwakilishe nyingine, unaziachia zikimbie ndani ya mashine, halafu unaangalia kinachotokea. Mimi nilitaka kuona jambo moja dogo. Ukianzisha wimbi jepesi ndani ya gesi ile, hesabu za kwenye karatasi zinasema litakufa lenyewe, bila kitu chochote kulizuia. Linakufa kwa sababu chembe zinaachana. Ni kama waumini wanaotoka misa ya kwanza: mlangoni wamesongamana, lakini kila mmoja ana mwendo wake, na wakifika mtoni hakuna tena kundi, kuna watu tu njiani.

Tatizo lilikuwa kuchagua. Ukizichagua chembe kwa bahati nasibu, kama ilivyoagizwa vitabuni, zinakusanyika ovyo. Hapa unapata kumi zenye mbio, pale hupati hata moja. Kule kutokuwa sawa kunazaa vijiwimbi vyake, vingi, vya kila upande, ambavyo sisi tuliviita kelele ingawa havina sauti. Wimbi langu lilizama humo. Na ukitaka kupunguza kelele kwa nusu, lazima uongeze chembe mara nne. Kompyuta ya shule, kuukuu, iliyotolewa msaada kwa ajili ya barua za ofisi, ilikuwa ikifika chembe elfu nne inaganda na kunitazama.

Baba alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo unachota juu ya gunia,” alisema.

“Si juu, Baba. Popote, bila kuchagua.”

“Ni hiyo hiyo.”

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Wakati huo yeye mwenyewe hakuwa na kazi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, na gari zao ndogo zilifika mpaka uani kwa mtu. Chama kilikuwa kikiwacheleweshea watu malipo. Hawa walilipa papo hapo, kwa hiyo usimlaumu mkulima. Lakini hawakukagua. Mnunuzi alifungua mdomo wa gunia, akachota kiganja kimoja juu, akanusa, akasema haya, pandisha. Bei ilikuwa moja kwa kahawa zote. Haikupita misimu miwili watu wakajua la kufanya: nzuri juu, na chini ile ya kuelea, nyeusi, iliyonyeshewa kwenye kichanja. Kahawa ya kuelea ni ile inayobaki juu ya maji wakati wa kuosha kwa sababu ndani ni tupu, na kwetu zamani mtu aliyeichanganya na nyingine alisemwa mpaka kanisani. Ghala la chama lilifungwa kwa kufuli. Baba alirudi nyumbani na bambo lake, akalitundika kwenye msumari juu ya mlango wa sebule. Aliwaita majirani wezi, wengine mbele ya macho yao, na alipumzika tu pale aliposikia uvumi kwamba chama kitafufuliwa. Uvumi huo ulikuja kila mwaka pamoja na maua ya kahawa. “Watarudi,” alisema. “Hawa wanunuzi hawawezi kuuza takataka nje wakaachwa hivi hivi. Chama watarudi na mizani yao.”

Shuleni, umeme ulitoka kwenye jenereta ya karakana ya useremala. Jumamosi mchana mafundi walipokuwa wakiranda mbao, mimi nilikuwa na kompyuta hadi saa kumi na moja jioni. Padri mkuu wa shule alikuwa ameniruhusu kwa moyo mweupe, ila kila akipita dirishani aliuliza, “Mwalimu, haijafa tu?” Alimaanisha mashine. Mimi nilijibu kwa niaba ya wimbi.

Likizo ya Pasaka nilikwenda nyumbani kusaidia kulima ngoro. Kwa asiyefika kwetu: milima yetu imesimama wima, na ukilima matuta ya kawaida mvua moja inakuhamishia shamba mtoni. Kwa hiyo wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari, ya kupanda na ya kukata, mpaka mteremko wote unakuwa miraba iliyo sawa. Kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo ule. Unabaki na mashimo yamekaa bega kwa bega mlima mzima, na kingo kati yake za kupandia maharage. Maji yakija kila shimo linapokea fungu lake. Hakuna shimo linalofurika, hakuna linalokosa.

Nilikuwa nimeinama na jembe ndani ya miraba ya nyasi aliyoilaza Baba, mgongo unawaka, Mama mbele yangu akinisema kwamba nachimba kama mtu wa ofisini, nilipoliona. Nilisimama. Kwa nini nizitupe chembe kwa bahati? Mbona nisilime ngoro? Nigawe kasi zote kwa mashimo yaliyo sawa, kutoka ya polepole hadi ya mbio, niweke chembe moja katikati ya kila shimo, na niipe kila moja uzito wake: zilizo kwenye kasi ya chembe nyingi zibebe uzito mkubwa, za pembeni uzito mdogo. Hapo hakuna kukusanyika, hakuna pengo. Kelele itatoka wapi?

“Umepatwa na nini?” Mama aliuliza.

Nikasema nimepata, nikachimba mstari mzima bila kuhisi mgongo. Hiyo siku naikumbuka kama siku yangu ya furaha, na ingekuwa hekima kama ningefia palepale shambani.

Nilirudi shule, nikaandika programu upya, na Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa nikaiendesha. Wimbi lilitokea kwenye kioo, jembamba, safi, halina vumbi hata kidogo. Likaanza kushuka. Nilikuwa na karatasi yenye mstari wa hesabu niliyoichora kwa mkono, nikaisogeza kwenye kioo, na vitu viwili vikalingana. Likashuka mpaka likawa si kitu. Nililia. Upande wa pili wa ukuta msumeno ulikuwa ukipiga kelele, na mimi nimekaa kwenye kiti cha karani nalia kwa raha.

Kisha likarudi.

Sikuizima mashine kwa sababu nilikuwa natafuta leso. Nilipoinua macho, katikati ya ule unyoofu kulikuwa na kitu kinainuka, kidogo kidogo, mpaka wimbi likasimama tena karibu na urefu wake wa mwanzo, likafa upya. Nikaendesha tena. Likarudi wakati uleule. Jumamosi iliyofuata nikaendesha mara ya tatu, likarudi uleule. Mimi ni binti wa mkaguzi: juu, katikati, chini, mara tatu zikiwa sawa basi gunia limesema. Nikaamini. Nikaamini kwamba gesi inakumbuka, kwamba kitu kilichokufa ndani yake kimehifadhiwa mahali na kinaweza kuamka, na kwamba mimi, mwalimu wa kidato cha pili, nimekiona kabla ya wengine.

Nikamwandikia msimamizi wangu, daktari mmoja mpole pale chuoni, kurasa tisa. Na nikaenda nyumbani wikiendi hiyo kwa ajili tu ya kumwambia Baba.

“Linakufa kabisa?” aliuliza.

“Kabisa, Baba. Halafu linarudi lenyewe.”

Alitazama bambo juu ya mlango. “Si nilikwambia,” alisema. Nilijua anaongea habari ya chama, na sikumrekebisha. Tulikuwa na raha, sisi wawili, siku ile.

Jibu la daktari lilikuja na basi baada ya wiki nyingi. Lilikuwa nusu ukurasa. Alisema mpangilio wangu ni mzuri, amefurahi, na angeomba nifanye jaribio moja tu: niongeze mashimo mara mbili, halafu nitazame kama wimbi linarudi wakati uleule. Kama kurudi kule ni kwa gesi, aliandika, gesi haijali wewe umelima mashimo mangapi.

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Hata hivyo nilingoja Jumamosi, nikalima mashimo mara mbili, nikaendesha. Wimbi lilirudi, lakini baada ya muda mara mbili ya ule wa kwanza.

Nieleze kosa langu, maana ni la aibu na ni rahisi. Weka watu kwenye mlango wa uwanja, waanze pamoja kuuzunguka. Wa kwanza aende kasi fulani, wa pili azidi kidogo, wa tatu azidi tena kwa kiasi kilekile, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Wataachana, uwanja utaonekana umetapakaa watu, lakini kwa kuwa wanazidiana kwa kipimo kimoja, kuna wakati ambao wote watafika mlangoni pamoja tena. Si kwamba wanakumbukana. Ni yule aliyewapanga. Watu wa kweli wanaotoka misa hawapangwi hivyo, na hawarudi kukutana mlangoni kwa bahati. Wimbi langu lililofufuka halikuwa la gesi. Lilikuwa unadhifu wangu mwenyewe, mistari ya Baba ya nyasi, umenirudia usoni.

Dawa daktari alikuwa ameiandika chini ya sahihi yake. Mashimo yabaki, kila shimo lipate chembe yake, lakini ndani ya shimo chembe isikae katikati. Ikae popote, kwa bahati, na kila mahali ndani ya bomba bahati hiyo iwe tofauti. Hapo unapata sehemu kubwa ya usahihi wa kupanga na huna ule ugonjwa wa kupanga. Kazi ya Jumamosi mbili, tatu. Mwishoni aliongeza kwamba yeye mwenyewe anaondoka. Amepata kazi nchi ya jirani kusini ambako mshahara wa mwalimu wa chuo unatosha kula mwezi mzima, na angependa tasnifu imkute kabla hajafunga ofisi.

Jumamosi iliyofuata jenereta haikuwashwa. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, hakuna aliyeagiza kitanda wala mlango, na Padri akaifunga karakana. “Pole, Mwalimu,” alisema. “Dizeli sasa inanunuliwa kama divai.” Nilimwomba saa tatu tu. Alinionyesha pipa. Lilikuwa tupu kweli, na nilichukia kwamba lilikuwa tupu kweli, kwa sababu ningependa kumkasirikia mtu.

Likizo ya kati, wakati wa mavuno, nilichukua kikokotoo cha shule nikaenda nacho nyumbani. Nilifikiri nitafanya kwa mkono, chembe sitini tu, hatua chache tu, nione kama dalili zipo. Mtu akikosa la kufanya huita ukaidi wake mpango. Nilichora mashimo sitini kwa chaki kwenye ubao mpana wa kuanikia, kando ya vichanja vya kahawa, na nikamwomba Baba aweke punje moja ndani ya kila shimo, mimi nipime na kuandika.

“Popote, Baba. Usilenge.”

Akaweka ya kwanza. Katikati. Akaweka ya pili. Katikati.

“Popote ndani ya shimo, Baba. Pembeni, juu, chini, unavyojisikia.”

“Ninavyojisikia ni hapa,” alisema, akaweka ya tatu katikati.

Nikamwambia afumbe macho. Akafumba, akapapasa kingo za chaki kwa kidole gumba, akaipata katikati kwa kupapasa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alitazama ubao wake, punje zimekaa kwa mstari kama askari, akasema, “Mimi kutupa ovyo sijui, mama. Nifundishe, lakini sijui.”

Nikachukua mimi. Nikaweka punje kumi, nikizitawanya kwa makusudi, huku moja kushoto, huku moja kulia. Nilipozipima niliona nimezipishanisha kwa zamu: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mkono wangu ulikuwa uleule wa kwake. Mwishowe tulizirusha kutoka kwenye kikombe, na zilizotoka nje ya mashimo Mama alizirudisha kwenye kichanja akituambia kwamba kahawa ni ya kuuza. Siku tatu nilibonyeza kikokotoo. Chembe sitini hazikunionyesha kitu. Hazikuwa na uwezo wa kunionyesha kitu, na nililijua hilo kabla sijachora shimo la kwanza.

Ndipo niliposikia kwamba huko ziwani, karibu na Mbamba Bay, kuna kituo kidogo cha utafiti wa samaki chenye kompyuta inayokula betri za jua. Nilishuka na lori la mahindi, siku nzima, breki zikinuka kwenye kona. Upepo wa kusini ulikuwa umeshika ziwa, mitumbwi imevutwa juu, na pwani nzima usipa, wale samaki wadogo wa kukaangwa, wameanikwa mchangani kama mtu amemwaga fedha na kuzisahau. Bwana Samaki wa kituo kile alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye kandambili zisizofanana. Nilimwonyesha disketi yangu.

“Ni ya samaki?”

“Hapana. Ni ya gesi.”

“Gesi ya kupikia?”

“Hapana, kaka. Ya kuhesabu tu.”

Aliipokea, akaigeuza. Alisema na yeye anahesabu tu. Kila siku anachota ndoo tatu kutoka mitumbwi mbalimbali, anapima usipa mmoja mmoja, anaandika, anapeleka, na hajawahi kujibiwa. Akanipa mchana mmoja. “Betri zikilegea, unaacha,” alisema.

Niliendesha. Mashimo yote, chembe moja kila shimo, popote ndani yake kwa bahati ya mashine, ambayo haikuwa na baba wa kuifundisha unadhifu. Wimbi lilikuwa na vumbi kidogo, si jembamba kama lile la kwanza, lakini lilionekana vizuri. Likashuka kwenye mstari wangu wa karatasi. Likafa. Nikangoja. Nilipita wakati lilipokuwa linarudi zamani, nikapita mara mbili yake, mara tatu. Mstari ulibaki chini, ukitetemeka kidogo tu. Bwana Samaki alikuja akasimama nyuma yangu.

“Mbona hakuna kitu?”

“Ndiyo jibu,” nilisema. “Haitakiwi kuwe na kitu.”

“Na umekuja na lori kwa ajili hiyo.”

Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa kazi sahihi kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilipokuwa naitazama sikuwa na furaha hata ya kujaza kijiko. Nilikuwa nalitamani lile wimbi la uongo. Nalitamani hadi leo.

Tasnifu niliiandika kwa taipureta ya parokia, nikachora michoro kwa kalamu, nikaipeleka na basi. Ilifika ndani ya mwaka, nina stakabadhi. Jibu lilitoka ofisi ya chuo, halikuwa na jina la daktari, alikuwa amekwishaondoka. Walisema wamepokea, wanashukuru, lakini katika idara hakuna tena mtu wa fani hiyo wa kuisahihisha, na kumtafuta wa nje hakuna fungu. Walinishauri, nikipenda, nianze upya na mada nyingine, na hasa mada yenye soko. Hilo neno waliliandika hivyo hivyo, soko. Bila hivyo usajili wangu unakoma mwishoni mwa mwezi.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaomba ruhusa, nikatembea nyumbani. Nilitaka kumwambia Baba kwa mdomo wangu, kwa sababu ndiye aliyenipa mashimo.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa. Magunia mengine mawili yalikuwa tayari, yameegemezwa ukuta wa sebule. Mnunuzi alikuwa anatarajiwa mchana.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Umekuja katikati ya wiki.”

“Lile wimbi halirudi, Baba. Nimelipima sawasawa. Likifa, limekufa.”

Aliendelea kushona. “Sawasawa kabisa?”

“Kabisa.”

“Na hao wakubwa wako wamesemaje?”

“Wamesema hakuna mtu wa kuisoma.”

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha kwa jirani. Hakunipa pole. Niliingia ndani niweke mfuko, na pale mlangoni mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukalitoa bambo msumarini. Lilikuwa na kutu kidogo. Nadhani nilitaka tu kuona kitu kinapimwa vizuri na mtu anayejua. Nikachoma gunia la kwanza juu. Punje zilitoka kavu, zimelingana, zina rangi ya asali. Nikachoma katikati. Nzuri, ingawa si kama za juu. Nikachuchumaa, nikachoma chini.

Zilizomwagika kiganjani zilikuwa nyeusi. Nyingine zilikuwa maganda matupu, na mbili zilikuwa na ukungu. Nilizisugua kwa kidole gumba nikidhani ni vumbi. Kivuli cha Baba kilikuwa mlangoni. Safari hii hakugeuka pembeni, alinitazama nikizitazama.

“Wanaangalia juu tu, mama,” alisema.

Nje, mbali kwenye kona ya mlima, gari la mnunuzi lilikuwa linasikika likibadilisha gia. Nilizirudisha zile punje ndani kupitia tundu, moja moja, mpaka kiganja kikawa kitupu. Halafu nikalipangusa tundu kwa ncha ya bambo, huku na huku, kama alivyonifundisha, mpaka nyuzi zikazibana.